Kabati la chatu: upake nini, na usubiri muda gani

Msomaji wa Buswelu, Ilemela, hapa Mwanza, ameuliza hivi: "Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuna kituo kidogo ambako wanafunzi huja kujifunza habari za wanyama, na kibali cha kumtunza chatu mdogo tumeshakipata. Seremala ametutengenezea kabati la fremu ya mninga na kuta za plaiwudi, mbele kioo. Sasa kila mtu ana lake. Seremala anataka kupiga sandingi, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, na vanishi ya tina kama anavyofanya kwenye vitanda. Jirani anasema tupake oili chafu ndani na nje, maana mchwa wa huku hawana adabu. Dukani wananiuzia rangi ya mafuta. Nipake nini kisichomdhuru mnyama, na nisubiri siku ngapi? Mvua za vuli zimeanza na wanafunzi wanakuja mwezi ujao."

Marahaba dada, na hongera kwa kutanguliza kibali. Ndani ya kabati paka vanishi ya maji, ile ya poliyurethani, koti nne nyembamba. Kitu cha tina, yaani kiyeyusho kikali cha rangi, kisiingie upande wa ndani, na oili chafu isiguse kabati hata kwa nje. Baada ya koti ya mwisho na viungio kuzibwa, kabati likae wazi wiki nne kabla ya chatu kuingia. Najua wiki nne zinagongana na ujio wa wanafunzi. Hilo lina njia yake, nitalifikia.

Kwanza nieleze kwa nini nang'ang'ania muda kuliko jina lililoandikwa kwenye kopo. Karibu kila vanishi na kila rangi, iwe ya maji au ya mafuta, ina madhara ikiwa mbichi, na hupoteza sehemu kubwa ya madhara hayo ikishakomaa. Vanishi ya maji ukiigusa baada ya saa mbili tatu hainati kwenye kidole, na fundi atakuambia imekauka. Kilichoondoka hapo ni maji. Chini yake bado kuna viyeyusho vinavyotoka polepole, na utando wenyewe bado unaendelea kushikana. Kazi hiyo huchukua wiki tatu hadi nne, na vanishi ya mafuta mara nyingi huzidi hapo. Kitanda kilichopigwa vanishi juzi hakimsumbui mtu sana kwa sababu kiko chumbani, dirisha wazi, na anayekilalia ana godoro. Chatu anafungiwa ndani ya sanduku lenyewe, taa ya joto inawaka, mlango umefungwa usiku na mchana, na tumbo lake limelala juu ya ubao.

Mwili wake nao haumsaidii. Nyoka, mijusi na kobe hawana kiwambo kama chetu cha kusukuma pumzi, kwa hiyo hawawezi kukohoa vizuri. Wewe ukivuta mvuke wa tina utakohoa na kutoka nje. Nyoka njia zake za hewa zikiwashwa hutoa ute, ute unabaki mlemle ndani, na nimonia huanzia hapo. Kisha kuna ulimi. Kila anapoutoa anachota chembechembe za hewani na za kwenye ubao, anazipeleka kwenye kiungo cha kunusia kilichoko juu ndani ya kinywa. Chochote ulichokipaka kitaonjwa mara nyingi kila siku.

Sasa tuwachukue washauri wako mmoja mmoja.

Oili chafu ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu watu wameizoea. Kwenye nguzo za uzio inafanya kazi, sikatai. Lakini ni mafuta ya injini yaliyokwisha kupikwa na joto, yamebeba chembe za vyuma na masalia ya uunguaji ambayo baadhi yake husababisha saratani. Tena haikauki. Mwaka mzima baadaye ukiweka taa ya joto juu yake itatoa jasho, na magamba ya tumbo yatalipokea. Hata kwa nje hupenya kwenye plaiwudi na kutokea ndani. Kama kuna ubao ambao jirani ameshaupaka, usihangaike kuukwangua wala kuufunika kwa vanishi. Vanishi haishiki juu ya mafuta. Utoe, uweke mwingine.

Mchwa wana dawa isiyo ya kupaka. Mpelekee fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma ya kuliinua kabati walau sentimita thelathini kutoka sakafuni, uliache mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Mchwa wa ardhini husafiri ndani ya vijia vya udongo, na vijia hivyo wakivijenga kwenye mguu wa chuma utaviona asubuhi hiyohiyo na kuvifuta. Mninga wenyewe una ukinzani wa asili dhidi yao. Plaiwudi ndiyo wanayoitamani. Na kwa ajili hiyo usikubali mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Nyingi hutiwa mchanganyiko wa shaba na kemikali nyingine, na zipo zenye aseniki.

Seremala wako hajakosea kwa kitanda. Sandingi na vanishi ya tina hukauka haraka, hung'aa, na zikikomaa kabisa hutulia. Shida ni kwamba mvuke wake ukiwa mbichi ni mkali, hujificha kwenye viungio na kwenye plaiwudi, na taa ya joto huuamsha tena baada ya wewe kudhani umekwisha. Halafu utando wake haupendi maji yaliyotuama. Akitaka aupige kwa nje tu, kabla kabati halijaingia ndani ya nyumba, lisimame kwenye kivuli chenye upepo. Mimi ningemwomba atumie vanishi ileile ya maji pande zote mbili, kwa sababu moja ya kiseremala: ubao uliofungwa upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine hunywa unyevu bila usawa na kupinda, na mlango wa kioo uliokuwa ukiteleza vizuri huanza kukwama.

Rangi ya mafuta ya dukani iache. Harufu yake hukaa sana, na kopo la zamani, hasa la njano au jekundu, linaweza kuwa na risasi. Hata ukiamua kupaka rangi ya maji ili kuta ziwe nyeupe, soma kopo. Maandishi ya kujisifu kwamba inazuia kuvu au inaua wadudu yanamaanisha kuna sumu iliyowekwa makusudi. Sifa hiyo ni njema bafuni, ila humu haifai. Ukikuta kopo lenye alama ya EN 71-3, hicho ni kiwango cha Ulaya kinachohusu vifaa vya kuchezea watoto, kinachopima ni kiasi gani cha madini hatari kinaweza kutoka kwenye kitu hicho. Kopo la namna hiyo ni chaguo zuri, na wiki nne zinabaki palepale.

Watu wanaopenda vitu vya asili huniuliza kuhusu nta ya nyuki, na sisi wa kanda hii nta nzuri ya Tabora haiko mbali. Ni salama kweli. Ila huyeyuka kwenye nyuzi joto sitini na kitu na hulainika kabla ya hapo, kwa hiyo dari iliyo karibu na taa itanata, na bakuli la maji likimwagika nta haitazuia mengi. Itumie kwa nje, kwenye fremu ya mninga, itapendeza. Mafuta ya kupikia usipake kamwe. Hayakauki, huchacha na kukuletea sisimizi. Mafuta ya kitani yanakauka, lakini polepole, na yale yanayoitwa ya kuchemshwa hutiwa madini ya kuharakisha. Ukiyatumia popote pale, matambara yaliyolowa yatandaze nje moja moja hadi yakauke, kwa maana yakirundikwa hupata joto lenyewe na kuwaka moto.

Tuje kwenye kazi. Kama kabati limeungwa kwa skrubu, mwambie fundi alifungue. Kupaka mbao zikiwa chini, mojamoja, ndiyo njia pekee ya kufikia kingo, na kingo ndizo zinazoua makabati ya plaiwudi. Uso wa plaiwudi hunywa kidogo, ukingo hunywa sana, kwa kuwa pale tabaka zote ziko wazi. Hapo ndipo maji ya bakuli yanapoingilia, tabaka zinafumuka, na utitiri wa nyoka unapata nyumba. Kingo zipe koti mbili zaidi ya uso. Kuziba kote kuna faida nyingine: plaiwudi za bei ndogo huunganishwa kwa gundi inayotoa fomaldehaidi, gesi yenye sumu, na utando mzuri hupunguza sana kinachotoka.

Piga msasa namba 120, kisha 220, ukifuata mkondo wa nyuzi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, sio cha tina. Vanishi ikorogwe taratibu kwa kijiti bila kutikisa kopo, maana kutikisa kunaleta mapovu, na kila povu likipasuka ni tundu. Koti ya kwanza ongeza maji kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, ili ipenye. Ikikauka utapitisha kiganja na kusikia ubao umekuwa na miiba midogo: maji yamesimamisha nyuzi. Pitisha msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, futa, kisha endelea na koti nyingine tatu bila kuongeza maji, ukipiga msasa kidogo kati yake.

Kwa Mwanza na msimu huu nakushauri uanze saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha, na uwe umemaliza kabla upepo wa ziwani haujaanza kupeperusha vumbi mchana. Fanya kivulini. Jua la moja kwa moja hukausha ngozi ya juu na kufungia ubichi chini. Siku ya mvua acha kabisa, au angalau kati ya koti na koti ipite usiku mzima, kwa kuwa vanishi ya maji hutegemea hewa kavu ili maji yaondoke. Na jioni usiache mbao mbichi chini ya taa ya barazani. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu hufuata mwanga, na asubuhi utakuta mamia wamekufa wamenatia kwenye kazi yako.

Sakafu naiweka peke yake. Chatu anapenda kujiloweka, hasa anapokaribia kujivua gamba, na akitoka bakulini anatoka na maji. Vanishi peke yake haitahimili hayo kwa miaka. Ningepaka epoksi ya sehemu mbili, yaani resini na kigumishi chake vinavyochanganywa, juu ya sakafu na kuipandisha ukutani kiasi cha sentimita kumi. Epoksi haina huruma kwa vipimo: kipimo cha kigumishi kikikosewa itabaki inanata milele, na humo asiingie mnyama. Vaa glovu, pima kama mtengenezaji alivyoandika, iache wiki nzima, kisha uioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu baadhi yake huacha utando wa ute juu. Hapo kuwa mwangalifu na jambo moja la kwetu. Mafundi wa boti za faiba ukiwaomba resini watakupa kwa moyo mweupe, lakini wanayotumia wengi wao ni ya poliesta, yenye stairini, na harufu yake unaijua ukipita karibu na karakana yao. Hiyo sio epoksi. Vilevile rangi za boti za kuzuia viumbe kuota chini ya maji huwa na shaba; zibaki kwenye boti. Epoksi ikikosekana, tandika kapeti la plastiki kipande kimoja, kikiwa kimekaa nje siku kadhaa kutoa harufu ya upya, ukunje kingo juu na kuzibana.

Viungio vya ndani ziba kwa silikoni tupu, baada ya vanishi kukaa walau wiki moja. Nyingi hunuka siki wakati zinakauka. Harufu hiyo ikiisha kabisa ndipo imekomaa, siku mbili tatu kwa mstari mwembamba, zaidi kwa mnene. Usinunue iliyoandikwa ya bafuni au ya kuzuia kuvu. Sababu ni ileile ya rangi.

Wiki nne zinaanza kuhesabiwa hapo, milango imefunguliwa, mahali penye hewa. Lakini kalenda peke yake siiamini, hasa wakati wa vuli. Tafuta kona iliyofichika, bonyeza ukucha kwa nguvu. Ukiacha alama, bado. Ukucha ukiteleza, nenda kwenye kipimo cha joto: washa taa kama utakavyoiwasha siku zote, funga mlango, uache usiku na mchana mzima bila mnyama. Kisha fungua na uingize kichwa mara moja kabla hewa haijabadilika. Bora zaidi, mwite mtu ambaye hajalala kwenye nyumba hiyo wiki hizo. Pua yako imeshazoea, haitakuambia ukweli. Akisema ananusa rangi, au macho yanamwasha, fungua milango wiki nyingine na upime tena. Joto ndilo linalofichua kilichobaki, kwa hiyo kabati lililopimwa likiwa baridi naliona halijapimwa.

Taa nayo iangalie siku hiyohiyo. Soketi iwe ya kauri, plastiki huyeyuka. Izungushie wavu ili chatu asijikunje kwenye balbu. Nyoka huungua bila kuondoka. Iunganishe na themostati, upande wa joto uwe kwenye nyuzi 32 hivi na upande wa pili 26. Ikishawaka kwa muda wa saa tatu, gusa dari juu ya taa kwa kiganja. Ukishindwa kukituliza hapo kwa sababu ya joto, vanishi ya hapo itapauka na kupasuka, na ubao wenyewe uko hatarini. Shusha taa, au weka bati lenye nafasi ya hewa kati yake na mbao.

Wanafunzi sasa. Chatu mdogo anaishi vizuri wiki hizo kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kujibana, ulilolitoboa matundu ya hewa pande zote, chini umetandika karatasi, ndani bakuli la maji na kitu cha kujifichia, na joto la upande mmoja linaloongozwa na themostati. Liweke chumba kingine kabisa, mbali na mahali mnapopaka. Wanafunzi watamwona vizuri tu wakiangalia kupitia plastiki. Kabati linaweza kusimama pembeni likiwa tupu, na ningefurahi kama mngewaeleza kwa nini ni tupu. Watoto wanaelewa haraka kwamba mnyama anavuta hewa ya mahali alipofungiwa.

Baada ya kumshika au kushika vyombo vyake, kila mtoto anawe kwa sabuni. Reptilia hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila wao kuugua. Ndani ya kabati safisha kwa maji na sabuni laini, kisha jiki iliyozimuliwa sehemu moja kwa maji thelathini, iache dakika kumi, suuza, kausha, acha harufu iishe. Chatu awe nje wakati wote huo. Dawa za usafi zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini usizitumie; nyingi zina fenoli au jamii yake, na reptilia hawaivumilii.

Kwa wengine wanaosoma hapa na hawana kibali: chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 chatu hafugwi kwa kumwokota kichakani, na kobe vivyo hivyo; kwa kibali anzeni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Na wale mijusi wa kwenye miamba yetu, wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambao hata jina lao la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji huu, waacheni juu ya mawe. Wanahitaji jua kali na mwamba, na hakuna kabati linalowapa hayo.

Dada, chatu wa Afrika hupita mita nne. Kabati hili ni la utoto wake, kwa hiyo skrubu ziwe za kufunguka na kipimo cha kabati kubwa kianze kufikiriwa mapema. Hadi wakati huo, kila anapojivua gamba toa bakuli na ukague kingo za sakafu na kona ya maji. Ukiona vanishi imeinuka, imekuwa nyeupe, au plaiwudi imevimba, mhamishe kwenye boksi siku hiyo. Kwangua, kausha, paka upya, na hesabu ianze tena kutoka mwanzo. Kiraka kidogo nacho hukomaa kwa muda uleule wa ukuta mzima. Ukimkuta amefungua kinywa bila sababu, ananyanyua kichwa juu kutafuta hewa, au kuna mapovu puani, usisubiri kuona kama itapita. Mtoe, zima taa ya kabati, na umpeleke kwa daktari wa mifugo aliyezoea wanyamapori. Mkikosa wa karibu, waulizeni pale Chuo cha Wanyamapori Pasiansi wawaelekeze. Beba na kopo la vanishi uliyotumia, daktari ataihitaji lebo yake.